Alfajiri Haitibu Kisukari

Kuna imani iliyoota mizizi Tanzania, na sasa unaisikia kliniki, msikitini, kanisani, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp: mwenye kisukari aamke saa kumi na moja alfajiri, asitie kitu tumboni, avae raba, akimbie mpaka jasho limchuruzike, ndipo ale. Wanaoieneza wana nia njema. Wengi wao wamepungua kilo, sukari yao imetulia, na wanatamani jirani naye afaidi. Lakini ushauri wenyewe, ukiukalia chini na kuuchambua, umejaa makosa, na mojawapo linaweza kuua.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusitafutane. Saa ya mazoezi ya mgonjwa wa kisukari haipangwi na jogoo. Inapangwa na alichokula, dawa anayotumia, na hali ya miguu, macho na moyo wake. Na kwa wagonjwa walio wengi, wale wa aina ya pili wanaokula ugali mchana na wali usiku, zoezi lenye faida kubwa kwa hatari ndogo ni kutembea baada ya kula, yaani wakati uleule ambao mila inawaambia wajinyooshe kwenye kochi.

Imani ya alfajiri haikutoka hospitali. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakumbuka mchakamchaka: umande ungalipo, wengine hawajaonja hata uji, mnakimbia mkiimba kabla ya kengele ya mstarini. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakaongezewa dozi. Ndiyo maana mtu mzima akiambiwa na daktari "fanya mazoezi," picha inayomjia ni moja tu: kundi, nyimbo, giza la asubuhi na mbio. Klabu za jogging za Dar es Salaam zilipokuja zilimkuta keshaandaliwa tangu darasa la kwanza. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi, watu walijua pa kuanzia bila kuelekezwa.

Kampeni ile sina ugomvi nayo. Miaka ya 1980, kundi la Profesa Donald McLarty lilipopima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania lilikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja tu kati ya mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikikuta kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na watu waliopimwa havikufanana, kwa hiyo tarakimu hizo mbili zisipangwe kama ngazi, lakini hakuna anayefanya kazi wodini atakayekwambia hali haijabadilika. Taifa linahitaji kutikisika. Ugomvi wangu ni kwamba ushauri mzuri kwa mtu mwenye afya tumeuchukua jinsi ulivyo na kumvisha mgonjwa.

Nianze na jasho, maana ndilo linaloabudiwa zaidi. Jasho ni maji na chumvi. Sukari inayotoka nalo ni kidogo kiasi cha kutotajika. Hata hivyo utawaona watu, Januari ya Dar es Salaam, wamejizungushia nailoni tumboni chini ya traksuti nzito, wakiamini wanaitoa sukari kwa matundu ya ngozi. Wanachotoa ni maji waliyoyahitaji. Mwili ukipungukiwa maji, sukari ileile inabaki ndani ya damu iliyo nzito zaidi, na kipimo kinapanda. Anayepima akitoka mbio za nailoni na kukuta tarakimu imeongezeka huambiwa hajakimbia vya kutosha, na kesho yake anaongeza kilomita.

Kazi hasa hufanywa na msuli. Unapojikunja na kukunjuka, protini iitwayo GLUT4 hupanda kutoka ndani ya seli hadi kwenye utando wake wa nje na kuivuta sukari kutoka kwenye damu, na hufanya hivyo hata kama insulini ni haba au mwili umegoma kuitii. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1926 Robert Daniel Lawrence, daktari wa London ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari na akiishi kwa sindano, aliandika jinsi zoezi linavyoipa nguvu insulini iliyokwisha kuchomwa. Msuli haujali kama umelowa jasho. Mama anayepanda ngazi za ghorofa ya nne na ndoo ya maji kichwani anaivuta sukari sawasawa na kijana mwenye raba za laki tatu.

Lawrence alituachia pia fundisho la pili ambalo klabu zetu hazilitaji. Zoezi na insulini ni nguvu mbili zinazosukuma upande mmoja. Zikikutana bila mpango, sukari inaporomoka. Na hapa ndipo tumbo tupu la alfajiri linapogeuka mtego.

Angalia dawa tulizonazo. Vidonge viwili vinavyojulikana sana kwenye kliniki zetu ni metformini na glibenklamaidi. Metformini ikitumika peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari hovyo. Anayeitumia hiyo tu anaweza kukimbia alfajiri apendavyo, na sehemu hii ya hoja yangu haimhusu. Glibenklamaidi ni habari nyingine. Hiyo hulikamua kongosho litoe insulini, iwe umekula au hujala, na nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inatahadharisha kwamba glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60. Ni hao hao waliopita miaka 60 wanaoamshwa alfajiri wakakimbie hawajala. Wapo pia wanaochoma insulini ya mchanganyiko jioni, ambayo usiku kucha imekuwa ikifanya kazi huku chakula cha mwisho kikiwa kimeshasahaulika tumboni.

Niliwahi kushuhudia haya kwenye barabara ya ufukweni, Jumamosi moja, mbio zikiwa zimekwisha na watu wakinyoosha viungo. Mzee wa makamo ya miaka 60 hivi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, magoti yanamtetemeka, nailoni imechomoza chini ya fulana. Kijana wa klabu akamwuliza, "Mzee wangu, vipi, twende tukapige picha?" Mzee akamtolea ukali usioeleweka, maneno yanagongana. Wenzake wakacheka. "Baba leo umekunywa nini?" Mmoja akasema amechoka tu, amwagiwe maji. Aliyemwokoa ni mama muuza chai na vitumbua. Alimtazama mara moja, akasema, "Huyo hajalewa jamani, sukari imemshuka. Mume wangu huwa hivyohivyo." Akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha chai ya vuguvugu na kumnywesha pole pole, akimshika kidevu kama mtoto. Baada ya robo saa mzee aliuliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Ikaja kujulikana kwamba alimeza glibenklamaidi alipoamka, "ili ifanye kazi pamoja na mazoezi." Mfukoni alikuwa na simu, ufunguo na noti ya elfu kumi. Pipi hata moja hakuwa nayo.

Tukio hilo lina jambo moja ambalo wapenzi wa mbio wanapaswa kulikabili. Dalili za sukari kushuka ni jasho, moyo kwenda mbio, kutetemeka, njaa na miguu kulegea. Hizo zote ndizo dalili za mtu aliyetoka kukimbia! Mbio zinaificha hatari ndani ya sura yake zenyewe. Mtu akitokwa na jasho jembamba akiwa amekaa ofisini, wenzake watashtuka. Akitokwa nalo baada ya kilomita nane, atapigiwa makofi. Ongeza kwamba wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia, na baadhi wanatumia atenololi au propranololi, dawa zinazoutuliza moyo hata pale ambapo ungepaswa kupiga kengele. Kwao inabaki hasa dalili ya jasho, nayo imeshamezwa na jasho la mbio.

Kipimo cha damu chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) tayari ni sukari iliyoshuka. Kabla ya kuanza zoezi, anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi anatakiwa awe na 5 au zaidi. Ikiwa pungufu ya hapo, ale kwanza: ndizi mbivu moja, au kipande cha muhogo, au mkate na chai. Akishuka njiani, dawa ni gramu 15 za sukari inayoyeyuka upesi, yaani vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, au unga wa glukosi wa dukani. Asubiri dakika 15, apime tena, na akikuta bado iko chini arudie. Chokoleti haifai kwa dharura hiyo, kwani mafuta yake huichelewesha sukari. Soda isiyo na sukari haina msaada wowote. Na aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni; alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Kuna watakaosema: basi tatizo ni dawa, siyo alfajiri. Ni kweli kwa kiasi. Lakini hata ukiiondoa hatari, alfajiri haina utukufu inaopewa. Kuelekea mapambazuko mwili humwaga homoni za kuamkia, kotisoli ikiwa mojawapo, nazo huliamuru ini litoe sukari. Ndiyo maana mtu aliyelala na 7 huamka na 9 bila kula chochote, akabaki akimshuku mkewe kwa kitoweo cha jana. Zoezi kali wakati huo linaweza kuongeza adrenalini juu ya hizo, na sukari ikapanda badala ya kushuka. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha jaribio la wanaume 11 wenye kisukari cha aina ya pili waliofanya mazoezi makali ya vipindi vifupi, wiki mbili asubuhi na wiki mbili jioni. Ya jioni yalishusha sukari. Ya asubuhi yaliipandisha. Watu 11 ni wachache, na mazoezi yalikuwa makali, kwa hiyo sitawatumia kutangaza dini mpya ya jioni. Wanatosha tu kuonyesha kwamba anayeiuza asubuhi kama saa ya tiba anauza kitu ambacho hajakipima.

Kuna hoja nyingine ya upande ule, nayo ina uzito: tumbo tupu huunguza mafuta. Ndiyo, wakati wa zoezi lenyewe mwili usio na chakula huchoma mafuta zaidi. Lakini uzito hupungua kwa hesabu ya wiki na miezi, na anayekimbia na njaa alfajiri kisha akarudi kuvamia chapati tatu hajafaidi lolote. Hoja ya hewa baridi na barabara tupu naikubali bila ubishi. Mtu wa Dar es Salaam hawezi kuipinga. Anayeona alfajiri ndiyo nafasi yake pekee, aende, ila kwa masharti. Apime. Ale kitu kidogo kama dawa yake ni ya kushusha. Kidonge cha glibenklamaidi kimsubiri mezani, akimeze na kifungua kinywa. Na atembee kwanza; mbio haziendi popote.

Sasa tuje kwenye mwiko unaoikinga imani hii: usijishughulishe baada ya kula. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba anayekimbia ameshiba atapata kidole tumbo. Kukimbia umeshiba kweli kunaleta kichomi na kichefuchefu, lakini kidole tumbo hakisababishwi na kukimbia umeshiba, na mimi sizungumzii kukimbia. Nazungumzia kutembea.

Mlo wa wanga hufikisha sukari kileleni takriban saa moja hadi moja na nusu baada ya kula. Kilele hicho, kikirudiwa mara tatu kwa siku, huchangia kupandisha kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ambacho daktari hukitazama akakunja uso. Mtu akitembea wakati sukari inapanda, msuli unaipokea mlangoni kabla haijajaa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walilinganisha mashauri mawili kwa watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili: kutembea dakika 30 kwa siku wakati wowote, au kutembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Dakika ni zilezile 30. Waliotembea baada ya mlo walikuwa na sukari ya baada ya kula iliyo chini kwa asilimia 12. Baada ya chakula cha jioni tofauti ilifika asilimia 22, na watafiti waliihusisha na wanga mwingi wa mlo huo na ule mkao wa kutoinuka baadaye. Nani anasoma maelezo hayo asione sebule ya Kitanzania? Sahani ya wali, taarifa ya habari, tamthilia, usingizi.

Kwa kutembea huko huhitaji raba mpya, kundi, wala traksuti. Nusu saa hivi baada ya kula unainuka, unazunguka mtaa dakika kumi hadi kumi na tano kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Huhitaji hata mashine ya kupimia kila mara, na hili ni jambo kubwa, kwa sababu stripu ni ghali na watu wengi wanapima siku ya kliniki tu. Tumbo lina chakula, sukari inapanda, hatari ya kuanguka ni ndogo. Anayechoma insulini ya mlo, akitaka matembezi marefu baada ya kula, apange na daktari wake namna ya kupunguza dozi. Dakika kumi za kawaida kwa watu wengi hazina shida.

Nitaulizwa: mwanamke atatembea saa tatu usiku Mbagala au Manzese, penye giza, mbwa na bodaboda zisizo na taa? Swali ni la haki, na aliyepanga ushauri wa afya akidhani kila mtu anakaa Oysterbay analistahili usoni. Jibu ni kwamba msuli hautambui barabara. Kuzunguka uani, kupanda na kushuka ngazi, kuosha vyombo umesimama, kudeki, kukaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi kumi wakati wa matangazo ya televisheni, vyote vinahesabika. Watafiti wa Taasisi ya Baker, Melbourne, walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wenye kisukari cha aina ya pili walioukatiza mkao wao kila nusu saa kwa dakika tatu za kutembea taratibu au mazoezi mepesi ya kuchuchumaa nusu na kuinua visigino walikuwa na sukari ya chini zaidi baada ya kula kuliko walipokaa mfululizo. Dakika tatu! Karani wa benki anazo, dereva wa lori akisimama mizani anazo.

Hapa nina neno na kliniki zetu. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo hurudiwa kila siku ya kisukari kwenye kituo cha afya cha kijijini.

"Shikamoo baba. Mazoezi unafanya?"

"Marahaba mwanangu. Mazoezi nitayapatia wapi, mimi mkulima?"

Nesi anaandika: hafanyi. Kisha anamshauri aanze kukimbia asubuhi. Mzee huyo hushika jembe tangu saa kumi na mbili, na hula saa nne jua likishapanda. Kulima ni zoezi zito, na analifanya na njaa, akiwa na glibenklamaidi au insulini mwilini. Swali alilopaswa kuulizwa ni kama huwa anatetemeka shambani, kama anabeba kitu cha kula, na kama dozi yake ya kiangazi, anaposhinda kijiweni, ndiyo ileile anayotumia msimu wa kulima. Tumemfundisha nesi kwamba zoezi ni kile kinachofanywa na watu wa mjini wakiwa wamevaa sare. Mkulima akizirai kwenye tuta, jamaa watasema amepigwa na jua, au amerogwa.

Nisije nikaonekana nimeubomoa ukuta mmoja nikajenga mwingine mahali pake. Kwa aliye na kisukari cha aina ya kwanza, kijana anayeishi kwa insulini tangu utotoni, mambo hugeuka. Kwake zoezi la asubuhi kabla ya kifungua kinywa na kabla ya sindano ya mlo mara nyingi huishusha sukari kidogo kuliko la jioni, kwa kuwa insulini inayozunguka mwilini saa hiyo ni ndogo. Hatari yake iko kwenye mpira wa jioni. Mwaka 2007 watafiti wa Perth, Australia, waliwafuatilia vijana wa aina ya kwanza waliofanya mazoezi alasiri na kuona hitaji lao la sukari likipanda mara mbili: mara tu baada ya zoezi, kisha tena baada ya muda wa saa saba hadi kumi na moja, yaani usiku wa manane, mtoto amelala na mama amelala. Anayecheza mpira saa kumi na moja jioni apime kabla ya kulala, ale kitu, na familia ijue. Kumkataza mpira ni kosa jingine, na bado lipo mashuleni. Steve Redgrave wa Uingereza aligundulika na kisukari cha aina ya pili mwaka 1997 na kushinda dhahabu yake ya tano ya Olimpiki kwa kupiga makasia, Sydney, mwaka 2000, akitumia insulini.

Kwa aina hiyo ya kwanza kuna mpaka wa juu pia. Kipimo kikizidi 13.9 na ketoni zipo kwenye mkojo au damu, hakuna zoezi siku hiyo. Kukimbia "ili ishuke" kunaichochea hali ambayo humlaza mtu mahututi. Wanaowaambia wagonjwa wenye sukari ya 20, wanaotapika na kuhema, kwamba wakatoe jasho, wanacheza na maisha ya watu.

Imani ya mbio inausahau mwili wenyewe, hasa miguu. Kisukari cha muda mrefu huua neva za nyayo. Mtu hukanyaga msumari asijue. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari Tanzania waliotafunwa miguu na panya. Nataka msomaji akae na habari hiyo kidogo. Panya anakula kidole, mwenye kidole hasikii. Mguu wa namna hiyo ndio tunaouingiza kwenye raba ya mtumba iliyobana, bila soksi, ukapige lami kilomita kumi. Lengelenge la Jumamosi linakuwa kidonda Jumatano, na kidonda cha kisukari tunajua wengi huishia wapi. Mwenye ganzi miguuni ana baiskeli, ana kuogelea kama bahari iko karibu na nyayo hazina jeraha, ana mazoezi ya kukaa kitini na kuinua chupa za maji zilizojaa mchanga. Akitembea, aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na akirudi achunguze unyayo kwa kioo au kwa macho ya mjukuu.

Mwenye mishipa iliyoota vibaya nyuma ya jicho asinyanyue vyuma vizito akiwa amebana pumzi, wala asirukeruke, mpaka daktari wa macho aseme. Na maumivu ya kifua, au pumzi kukata kuliko kawaida, huwa hayasubiri kilomita ya mwisho. Kwa wagonjwa wa kisukari moyo unaweza kuugua bila kuuma, kwa hiyo aliyekaa miaka kumi bila zoezi asianze na mbio za marathoni za hisani kwa sababu tu ofisi imewalipia fulana.

Jambo lingine ni hili la kusubiri Jumamosi. Faida ya zoezi kwa insulini hukaa siku moja, mbili, ikizidi tatu. Ndiyo sababu ushauri wa kitaalamu unasema zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi, na dakika 150 za wiki zigawanywe. Mtu anayekimbia kilomita 15 Jumamosi na kukaa siku sita ana picha nzuri za Instagram na sukari mbaya ya Jumatano.

Pwani na Visiwani wana somo la kutufundisha, ingawa wengi hawalihesabu kama zoezi. Mwezi wa Ramadhani, miongozo ya kimataifa ya kisukari kwa wanaofunga inaitaja Tarawehe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku: kusimama, kurukuu, kusujudu, rakaa baada ya rakaa, muda mfupi baada ya futari. Ni zoezi baada ya mlo, kwa mamilioni, bila raba. Miongozo hiyohiyo inaonya dhidi ya mazoezi mazito saa za mwisho kabla ya kufuturu, wakati ambao vijana wetu wa mtaani ndipo wanapopenda kucheza mpira "kusogeza magharibi." Kujichoma kidole ili upime hakubatilishi saumu, na anayekuta chini ya 3.9 anatakiwa afungue saumu papo hapo.

Viongozi wa klabu za jogging ni watu wa kujitolea na sitaki wavunjike moyo. Wanaweza kubadilisha mambo haya kuanzia Jumamosi ijayo bila bajeti. Wanapoandikisha wanachama, waulize nani anatumia insulini au glibenklamaidi. Mmoja wa viongozi abebe pakiti ya glukosi badala ya kipaza sauti cha pili. Kundi la watembeaji liwe na mtu wake wa nyuma asiyewaacha, na asiwepo wa kuwacheka. Nailoni zipigwe marufuku. Na chai na vitumbua vinavyogawiwa mbio zikiisha, kwa watu wa dawa za kushusha vigawiwe kabla ya kuanza.